Mji Uliohamwa, Mwiko Uliobaki

Kaya ilikuwa mji kabla haijawa msitu. Sisi tuliokulia Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, tunalisahau hili upesi, kwa kuwa tulizikuta kaya zimeshakuwa miti mikubwa na giza, mahali pa kukatazwa, pa kupitia mbali ukitumwa kisimani. Lakini humo ndani waliishi watu. Walipika, waligombania mipaka, walioana, wakazaa, wakazikana. Msitu wenyewe ulikuwa boma lao. Ulizunguka uwanda uliofyekwa katikati, na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zikikatizwa na milango ya magogo iliyofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Adui aliyeitaka kaya ilimbidi apenye humo mtu mmoja mmoja, na anayepita mmoja mmoja huhesabika.

Wazee husimulia kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, kaskazini, wakafukuzwa na Wagala, wakateremka pwani kwa makundi, na Wadigo wakatangulia wenzao. Kila kundi lilibeba fingo lake, yaani dawa ya kinga ya jamii nzima, wakaja kulifukia walipoamua kukaa. Penye fingo ndipo penye kaya. Mwanahistoria Thomas Spear aliyakusanya masimulizi haya miaka ya 1970 na akayaandikia kitabu. Baadaye wakaja wachimbuaji wa mambo ya kale, akina Henry Mutoro na Richard Helm, wakakuta kwamba nyuma ya mwambao huu watu walikuwa wakilima, wakifinyanga vyungu na kufanya biashara tangu kabla ya mwaka 1000, karne nyingi kabla ya uhamaji unaosimuliwa. Naye Justin Willis akaonyesha kwamba kujiita kwa pamoja Mijikenda, makabila tisa chini ya jina moja, ni jambo la karne ya 20.

Wapo waliofurahi wakidhani wazee wameumbuliwa. Mimi sioni hivyo. Wachimbuaji hutafuta watu walikuwa wapi na lini. Mzee anayesimulia Singwaya anajibu swali jingine: nini kilitufanya tuwe watu wamoja? Jibu lake ni kitu kilichofukiwa ardhini, ambacho hakuna anayekiona na ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukifukua ahakikishe. Msingi wa mji ni kitu ambacho wenye mji wenyewe wamekatazwa kukigusa. Nimelizungusha wazo hili kichwani kwa muda mrefu, na kila nikilirudia naona ndilo linaloeleza mengine yote yaliyokuja baadaye.

Maana mambo ya kaya hayakuteremka na watu yakiwa yamekamilika. Yaliota polepole, kwa mahitaji. Palikuwa na moro, banda la wazee katikati ya mji, walikokata mashauri na kuombea mvua. Palikuwa na rika, vijana wakipandishwa ngazi kwa pamoja, na wale wa juu kabisa wakipewa siri ambazo wa chini hawakuzijua. Palikuwa na juma la siku nne, na siku moja kati ya hizo jembe halishikwi. Siku hiyo ya kutolima iliwapa watu nafasi ya soko na ya mashauri, lakini kwanza iliwafundisha kwamba ardhi nayo ina haki ya kuachwa.

Na palikuwa na mwanza. Hii ni ngoma isiyopigwa. Ni gogo lililotobolewa likawambwa ngozi, na mwenye kuijua huisugua mpaka itoe mngurumo ambao huwezi kuufananisha na sauti ya ngoma yoyote nyingine. Mwanza ukilia, wanawake, watoto na wanaume wasioingizwa katika siri yake walijifungia ndani. Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai miaka miwili baadaye, aliandika habari zake, na Charles New aliyemfuata aliandika pia. Wote wawili walichukizwa. Walidhani ni ujanja wa wazee kuwatisha wake zao ili wale nyama peke yao, na sitawatetea wazee kwa hilo. Walio na siri mara nyingi hula vizuri. Lakini wamisionari hao hawakuona kwamba ndani ya mji mdogo uliobanana, penye watu wengi na hasira nyingi, sauti moja inayoweza kunyamazisha kila mtu kwa usiku mmoja si jambo dogo.

Baadhi ya sherehe zilikufa zenyewe. Mung'aro, ile ya kuwatawaza rika jipya la watawala, ambapo vijana walijipaka udongo mwili mzima, ilikwisha katika karne ya 19. Hakuna aliyeipiga marufuku. Mji ulikuwa unatawanyika, na huwezi kutawaza rika ambalo limekwenda kulima kila mtu upande wake.

Hapa ndipo penye jambo linalonishughulisha. Katika karne hiyo ya 19 watu walianza kutoka kaya. Hofu ya adui ilipungua, idadi ya watu iliongezeka, mashamba ya karibu yalichoka. Biashara ya pembe, sandarusi na nafaka iliwapa vijana mali bila kupitia mikononi mwa wazee. Wadigo, waliokuwa karibu na bahari na karibu na Waswahili wa Vumba na Mombasa, walijenga vijiji vyao wazi huku na huku, na wengi wakasilimu. Mwisho walibaki wazee wachache wakilinda moro. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa.

Kwa hesabu ya kawaida, hadithi ingeishia hapo. Mji ukihamwa, sherehe zake hufa, magofu hubaki, na baada ya vizazi viwili watu hupanda mihogo juu yake. Hilo halikutokea. Nyumba zilioza, uwanda ukarudiwa na miti, makaburi na fingo yakabaki chini, na heshima ya mahali pale ikazidi. Watu waliokuwa wakiishi kaya walikata kuni humo, walichunga humo, walikwenda haja humo. Wajukuu zao wakawa hawathubutu kuokota hata kijiti kilichoanguka. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyekaa sana na Wagiriama, kabila jingine la Mijikenda, alikiita kitabu chake cha 1991 kwa jina la utupu mtakatifu, akimaanisha kaya iliyo tupu ambayo bado inawashika watu waliotawanyika mbali nayo. Methali ya mwacha mila ni mtumwa tumeitumia mpaka imechoka, na hapa haitufai, kwa sababu hawa waliacha mji na hawakuacha mila. Walichofanya ni kuigeuza. Zamani msitu uliwalinda wao dhidi ya watu wa nje. Sasa wao wakaulinda msitu, na kwanza kabisa wakaulinda dhidi ya mikono yao wenyewe.

Safari hiyo si yetu watu wa Pwani peke yetu. Katika jangwa la Arizona, Marekani, waliishi watu ambao wanachuoni huwaita Hohokam. Kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi kama mwaka 1450, walichimba mifereji mirefu kutoka mito ya Salt na Gila wakamwagilia mahindi na pamba mahali ambapo mvua haitoshi kuotesha kitu. Kati ya mwaka 750 hivi na 1100 sherehe zao zilikuwa za uwanjani. Walichimba viwanja virefu vilivyobonyea, vyenye kingo za udongo kandokando, na inaaminika walicheza humo mchezo wa mpira wa raba uliofanana na ule wa Meksiko. Vimepatikana viwanja zaidi ya 200. Kijiji kilichokuwa na kiwanja kilialika vijiji jirani, na watu walipokwisha kutazama mchezo walibadilishana vyungu, makombe ya baharini na habari za ndoa.

Kisha viwanja vikaachwa. Kuanzia karne ya 12 vijiji vikubwa vikajenga majukwaa ya udongo, marefu na mapana, na baada ya muda majukwaa hayo yakazungushiwa kuta na juu yake yakajengwa majumba. Aliyeishi chini hakuona tena kilichofanyika juu. Sherehe iliyokuwa ya kila mtu ikawa na wenyewe. Wachimbuaji hubishana kama waliokaa juu walikuwa watawala, makuhani au koo zilizoshika ufunguo wa mifereji; ukuta, hata hivyo, unajieleza. Karne chache baadaye mifereji ilikauka, majukwaa yakabaki peke yake, na watu wa O'odham, wanaojihesabu kuwa wajukuu wa hao wa kale, wakaendelea kulima kando ya mito ileile kwa vijiji vidogo.

Nimewaleta Hohokam hapa Kwale kwa sababu ya kijiji chao kimoja, Snaketown. Mchimbuaji Emil Haury alikichimba mwaka 1934 na 1935, akarudi mwaka 1964. Alikuta viwanja, vyetezo vya mawe, mifereji ya zamani sana, vitu vya kumfanya mtu ajenge jumba la makumbusho na mkahawa pembeni. Walipomaliza, walifukia kila kitu. Leo mahali hapo ni urithi wa taifa la Marekani kwa jina, lakini ardhi ni ya jamii ya wenyeji wa Gila River, nao wameamua pasifunguliwe kwa watu. Ukienda huoni chochote, na kwa kweli huwezi kwenda. Sijui uamuzi mwingine wa serikali au jamii yoyote ya kisasa unaofanana zaidi na fingo.

Turudi Kwale, kwenye Kaya Kinondo. Kaya hii iko kusini ya Diani, ukishapita Galu, hekta kama 30 hivi za miti juu ya mawe ya matumbawe, na upande mmoja bahari inasikika. Ni kaya ya Wadigo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazee wameruhusu wageni waingie sehemu yake kwa malipo yanayosaidia kijiji. Kabla ya kuingia mgeni hufungwa kaniki kiunoni, awe profesa au mtalii aliyetoka ufukweni na chupi ya kuogelea. Husomewa masharti: usitoe kitu, usiache kitu, usivunje, usipige picha pasiporuhusiwa, usikumbatiane na mwenzio. Halafu anapita njia nyembamba, akiinama chini ya mizizi na kamba za miti, akionyeshwa mbambakofi, msandarusi, na miti inayotibu tumbo na homa. Mbega wakiwepo wanaruka juu bila haraka. Kuna mti mmoja mnene ambao wageni huambiwa waukumbatie waupe shida zao. Sehemu hiyo nashuku imetiwa kwa ajili ya wageni, na sioni ubaya, maana watu wa mbali nao wana shida.

Kinachonivutia zaidi ni kaniki. Kitambaa kile cheusi ni cha bei rahisi kupita vyote dukani, hakina maneno kama leso, hakina pindo la rangi. Ukikifunga, nguo yako ya fedha nyingi imefunikwa na umelingana na aliye mbele yako. Hakuna hotuba inayotolewa kuhusu usawa. Unafungwa tu na unatembea. Na mgeni ambaye asubuhi amegombana hotelini kwa sababu kahawa imechelewa hutii masharti ya kaya neno kwa neno, tena kwa furaha. Nadhani anafurahi kukutana na mahali ambapo fedha yake imempitisha mlangoni lakini haikumpa ruhusa ya kila kitu. Zipo sehemu za ndani asizofika. Nazo ndizo zinazofanya hizi za nje ziwe na maana.

Wazee wenyewe wanapoingia kwa mavoyo, yaani maombi, kuomba mvua au kuondoa balaa, mambo huwa madogo kuliko tunavyodhani. Uvumba, marashi, kitambaa, chakula cha sadaka, maneno machache yaliyosemwa taratibu kwa Mlungu na kwa waliotangulia, na mengi kati ya maneno hayo siku hizi huanza kwa bismillahi. Hili la mwisho huwakera watu wa pande mbili. Kuna masheikh wanaosema kaya ni shirki na mzee mwenye kanzu hana kazi msituni. Na kuna wapenda mila, wengi wao wakaazi wa miji mikubwa, wanaotaka kaya safi isiyo na harufu ya msikiti, kana kwamba Mdigo wa miaka 200 iliyopita alikuwa anaishi ndani ya kabati la kioo. Mimi naelewa hoja ya sheikh zaidi, kwa sababu yeye angalau anaamini kuna kitu hatarini. Lakini nikitazama Msikiti wa Kongo pale mdomoni mwa Mto Mwachema, Diani, wa mawe na chokaa, wenye karne kadhaa na bado unasaliwa, ukiwa umezungukwa na mibuyu mikubwa kuliko wenyewe, naona mwambao huu haukuwahi kugawa mambo kwa kisu. Waliojenga msikiti hawakuikata mibuyu.

Waswahili jirani nao walikuwa na sherehe zao, za hadharani. Huko Vumba, kati ya Wasini na Vanga, mtu hakuitwa diwani kwa kuzaliwa tu. Ilimpasa alishe watu karamu kubwa na kupigiwa siwa mbele za watu. Hollis, ofisa Mwingereza aliyeandika historia ya Vumba mwaka 1900, aliyakuta hayo yakikumbukwa vizuri. Ilikuwa heshima ya kuonekana. Kaya ilishika njia nyingine, na kati ya hizo mbili iliyodumu kusini mwa Mombasa ni ile isiyokuwa na cha kuonyesha.

Nisiipambe kupita kiasi. Mahali panapoheshimiwa kwa sababu hapaonekani panaweza pia kuficha. Mwezi Agosti 1997 vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kivuko, wakaua polisi, kisha wiki zilizofuata wakawawinda majirani zao waliotoka bara. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia nyumba zao. Baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi ya Jaji Akiwumi, zilisikika habari za vijana kulishwa kiapo kwenye msitu wa Kaya Bombo, na za wanasiasa waliokuwa nyuma yao uchaguzi ukikaribia. Kiapo si kitu kigeni kwetu. Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe vibarua kwa Waingereza, nao Waingereza wakailipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti mwaka uliofuata, jambo ambalo lilionyesha walivyoiogopa. Lakini kiapo cha Mekatilili kiliwafunga watu wasitumike. Kile cha Bombo kiliwafungua watu waue jirani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote ninazozijua kati ya mwiko na hila, na haikusemwa kwa sauti ya kutosha wakati ule, hata na sisi tulioijua. Mpaka leo kuna watu wa bara wanaoishi Ukunda ambao wakisikia neno kaya husogeza kiti.

Kuna na hili la wazee kuuawa. Kwale na Kilifi mzee mwenye mvi huweza kukatwa panga usiku kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mtu anayejua mavoyo na dawa ndiye yuleyule anayeshukiwa. Mwaka 2009 UNESCO iliziandikisha mila za kaya kuwa urithi unaohitaji kunusuriwa haraka, mwaka mmoja baada ya kuiingiza misitu yenyewe katika orodha ya urithi wa dunia. Nikisoma maneno kunusuriwa haraka huwa siwazi misitu kwanza. Nawaza mzee anayelala na mlango umefungwa kwa kufuli mbili.

Misitu nayo ina yake. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa urithi wa taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Kinondo ikiwa miongoni mwao, na kikaundwa kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani chenye ofisi Ukunda. Ilikuwa kazi njema na iliyochelewa. Hata hivyo kisiwa cha Chale, ambacho chenyewe ni kaya, kina hoteli ya kitalii, iliyojengwa wazee wakilalamika. Mwiko ulikuwa umemzuia kila Mdigo mwenye panga kwa karne nzima, lakini haukumzuia mtu mwenye hati.

Na Mrima. Kilima hiki kiko kusini zaidi, ukipita Msambweni kuelekea Lunga Lunga, na juu yake kuna kaya na msitu. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu, jambo lililojulikana tangu wakati wa ukoloni. Mwezi Machi 2013 kampuni moja ya kigeni ilipewa leseni ya kuchimba. Miezi michache baadaye serikali mpya ikaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia lenye makao yake Washington, ikidai fidia kubwa sana. Oktoba 2018 baraza likaitupa kesi: leseni ilitolewa bila kutimizwa masharti ya kisheria ya kuchimba mahali kama hapo, hivyo hapakuwa na mali halali ya kudai. Mrima ni msitu wa hifadhi, na tena ni urithi wa taifa, na ngazi hizo za sheria zilizoonekana kama makaratasi tu ndizo zilizokiokoa kilima.

Mtu anaweza kusema basi sheria imeshika kazi ya mwiko, wazee wapumzike. Sikubaliani. Sheria ilikuwa na cha kulinda kwa sababu kuna watu waliokuwa hawajakata miti ile kabla sheria haijafika. Wataalamu wa mimea waliopita kaya baada ya kaya mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuta aina za miti ambazo kwingine zimekwisha, na hawakuikuta kwa bahati. Ilikuwa pale kwa sababu mtu mwenye njaa ya kuni, na mtu mwenye deni, na kijana aliyetaka nguzo za nyumba ya harusi yake, kila mmoja kwa wakati wake alipita akaiacha. Kuacha huko hakuna mtu aliyekuandika. Hakuna jina lake kwenye gazeti la serikali. Lakini ni kazi, tena kazi ngumu zaidi kwa maskini kuliko kwa tajiri, na ingefaa siku moja tuihesabu kama tunavyohesabu ekari zilizolimwa.

Sasa madini adimu yanatafutwa dunia nzima kwa ajili ya simu na magari ya umeme, na jina la Mrima linatajwa tena katika mazungumzo ya watu wakubwa. Vijana wa Kwale wanataka kazi, na ni haki yao. Kule Nguluku na Maumba waliona titani ikichimbwa tangu 2013 mpaka mwisho wa 2024. Wanajua kampuni huja na huondoka, na wanajua pia kwamba ikiwepo kuna mishahara. Ukimwambia kijana wa bodaboda asubuhi ya Jumatatu kwamba kilima kiachwe kwa sababu kuna fingo, atakuuliza fingo lina malipo gani. Si swali la kejeli. Siku ya mavoyo ni siku bila abiria, na ngambi, baraza la wazee, haliwezi kumlipa anayekuja kujifunza.

Kinondo angalau wamejaribu jibu. Vijana wanaoongoza wageni hulipwa kwa kuijua kaya: majina ya miti kwa Kidigo, dawa zake, mpaka wa kufika na mpaka wa kusimama. Wengine wataona ni biashara tu, na ni kweli ni biashara. Lakini pale njia inapogawanyika, mwongozaji husimama na kuwaambia wageni kwamba huku hatuendi. Mara nyingine mgeni huongeza noti. Mwongozaji mwenye shida zake, ambaye kodi ya chumba inamsubiri Ukunda, anazikataa, kisha anashika njia ya kutokea na wageni wake wanamfuata.